Shahada ya sayansi ya farasi pekee haimfanyi mtu daktari wa mifugo

KILA mwaka nchini Marekani, vijana wengi waliopenda farasi tangu utotoni hujiunga na vyuo vikuu kusomea sayansi ya farasi wakiwa na lengo moja kuu: kuwa madaktari wa mifugo. Wazazi nao hulipa karo wakiamini kwamba mtoto ameshaanza safari ya udaktari.

Imani hiyo ina ukweli nusu. Shahada hiyo yaweza kumfikisha mwanafunzi katika chuo cha udaktari wa mifugo, lakini pia yaweza kumwacha nje ya lango akiwa na cheti kizuri, mikono iliyozoea hatamu na pengo kubwa katika kemia. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili mara nyingi huamuliwa katika mwaka wa kwanza, wakati mwanafunzi anapopanga ratiba yake bila kujua uzito wa anachokipanga.

Ili kulielewa jambo hili ni lazima kwanza kufahamu jinsi Wamarekani walivyoupanga mfumo wao. Huko, udaktari wa mifugo si shahada ya kwanza. Mwanafunzi anayetoka shule ya upili hupitia kwanza chuo kikuu, kwa kawaida miaka minne, ndipo aombe nafasi katika chuo cha udaktari wa mifugo ambako husoma miaka mingine minne. Vipo vyuo vinavyowapokea walio na miaka miwili au mitatu tu ya chuo kikuu, mradi wawe wamekamilisha masomo yanayotakiwa, ila wengi wanaofaulu huwa na shahada tayari.

Hapa Kenya mambo ni tofauti. Mwanafunzi aliyefanya vyema katika mtihani wa KCSE huweza kujiunga moja kwa moja na kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoko Kabete, na baada ya miaka mitano akahitimu. Hana haja ya shahada nyingine ya kumtangulizia njia. Ndiyo sababu Mkenya anayesikia habari za kozi za maandalizi nchini Marekani huweza kudhani kwamba kozi hizo ni mwanzo wa udaktari wenyewe, ilhali sivyo.

Maandalizi hayo si shahada wala cheti. Ni orodha ya masomo ambayo vyuo vya udaktari wa mifugo humtaka mwombaji awe ameyafanya na kuyapita vizuri. Kila chuo kina orodha yake, lakini kwa jumla humo mna biolojia, kemia ya msingi, kemia ya misombo ya kaboni, biokemia, fizikia, jenetiki, takwimu na uandishi wa Kiingereza. Baadhi huongeza mikrobiolojia, fiziolojia au lishe ya wanyama. Mengi ya masomo ya sayansi sharti yaambatane na kazi za maabara.

Mwombaji akishayatimiza hayo, jina la shahada yake halimpi nafasi wala kumnyima. Aliyesomea historia au muziki huweza kushindana na aliyesomea farasi, na akamshinda iwapo alama zake za kemia ni bora. Katika vyuo vingi, wastani wa alama za wanaopokelewa huwa 3.5 au zaidi katika kipimo cha Wamarekani cha 4.0. Anayepata alama za juu katika upandaji farasi na za chini katika biokemia asitarajie kwamba zile za kwanza zitazifunika zile za pili, kwa kuwa vyuo vingi huzikokotoa alama za sayansi peke yake.

Je, kwa nini basi mtu asomee farasi?

Sababu ya kwanza ni kwamba farasi ni mnyama wa ajabu kimaumbile, na anayemjua vyema huwa ametangulia hatua kadhaa. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Hula haraka, kisha hucheua akiwa ametulia. Farasi ana tumbo moja tu, nalo ni dogo mno kwa mwili wake, lenye kuchukua lita 8 hadi 15 hivi. Kazi kubwa ya kuchachua nyasi hufanyika nyuma, katika utumbo mpana uliojikunja na kujipinda ndani ya fumbatio. Isitoshe, farasi hawezi kutapika, kwani mlango kati ya umio na tumbo hujifunga kwa nguvu nyingi. Akila kitu kibaya, au nafaka ikizidi, au utumbo ukijisokota, hakuna njia ya kukirudisha kilichoingia.

Hapo ndipo hutokea maumivu makali ya tumbo yanayohesabiwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya farasi. Mnyama hukwaruza ardhi kwa kwato, hugeuka kuutazama ubavu wake, hulala, huinuka, kisha hulala tena na kugaagaa. Mwanafunzi wa sayansi ya farasi hufunzwa kuzitambua dalili hizi mapema. Hufunzwa kuhesabu mapigo ya moyo, ambayo kwa farasi mzima aliyetulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika. Huweka sikio ubavuni kusikiliza mngurumo wa matumbo, kwani kimya huko si dalili njema hata kidogo.

Katika mafunzo ya uzazi, wanafunzi hukesha zizini. Farasi hubeba mimba kwa muda wa miezi 11 hivi, na majike wengi huzaa usiku. Kanuni wanayokaririshwa ni rahisi: kitoto kisimame ndani ya saa moja, kinyonye ndani ya saa mbili, na kondo la nyuma litoke ndani ya saa tatu. Likipita wakati huo bila kutoka, daktari huitwa. Kitoto cha farasi huzaliwa kikiwa hakina kinga mwilini, tofauti na mtoto wa binadamu ambaye huipata kwa mamaye akiwa bado tumboni. Kinga yake yote ya awali hutoka katika maziwa ya kwanza, na utumbo wake huweza kuifyonza kwa takriban siku moja tu. Aliyekosa maziwa hayo huweza kuonekana mzima leo, na kesho kutwa akawa mahututi.

Yapo pia masomo ya lishe, mwendo wa farasi, kwato na utunzaji wa malisho. Wanafunzi hujifunza kipimo cha unene wa farasi chenye daraja 1 hadi 9, kilichobuniwa na Don Henneke na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas A&M na kuchapishwa mwaka 1983. Daraja la 1 ni mifupa mitupu, la 9 ni mnyama aliyenona kupita kiasi. Kipimo hicho hutumiwa hata mahakamani katika kesi za watu walioshtakiwa kuwatesa farasi kwa njaa.

Miongoni mwa vyuo vinavyojulikana kwa taaluma hii ni Chuo Kikuu cha Colorado State mjini Fort Collins, ambacho kina shahada ya sayansi ya farasi na pia chuo cha udaktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Kentucky nacho, kilichoko Lexington katikati ya mashamba ya farasi wa mbio, hutoa shahada ya sayansi na usimamizi wa farasi. La kushangaza ni kwamba Kentucky, jimbo ambalo sifa zake zimejengwa na farasi, lilikaa miongo mingi bila chuo chake cha udaktari wa mifugo. Vijana wake walitengewa nafasi kwa mkataba katika vyuo vya Auburn na Tuskegee jimboni Alabama. Kusoma karibu na farasi, kwa hivyo, si sawa na kusoma karibu na chuo cha udaktari.

Kasoro ya shahada hii imo katika muundo wake. Katika vyuo vingi shahada za farasi zimegawanyika katika mikondo. Upo mkondo wa sayansi, upo wa biashara, na upo wa upandaji na ufundishaji. Mwanafunzi wa mkondo wa biashara husoma uhasibu, masoko na uendeshaji wa mashamba, na huweza kuhitimu bila kugusa kemia ya misombo ya kaboni hata siku moja. Hata katika mkondo wa sayansi, yapo masomo yanayotakiwa na vyuo vya udaktari ambayo shahada yenyewe haiyadai, hasa fizikia na biokemia ya ngazi ya juu. Ni juu ya mwanafunzi kuyaongeza. Asipoyaongeza hakuna atakayemzuia kuhitimu, wala hakuna atakayemwonya.

Saa za zizini na saa za zahanati

Jambo jingine linalowaponza waombaji wengi ni hesabu ya saa za uzoefu. Maombi ya vyuo vingi vya udaktari wa mifugo nchini Marekani hupitia mfumo mmoja wa pamoja uitwao VMCAS. Humo mwombaji huorodhesha saa alizotumia na wanyama, na saa hizo hugawanywa mafungu.

Fungu moja ni uzoefu wa wanyama: kulisha, kusafisha mazizi, kuwapiga msasa, kuwapanda, kuwafuga nyumbani. Fungu la pili ni uzoefu wa udaktari, yaani kazi iliyofanywa chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo au mwanasayansi wa fani hiyo. Kijana aliyelelewa kwenye shamba la farasi huweza kuwa na maelfu ya saa katika fungu la kwanza na asiwe na hata 50 katika la pili. Kamati ya uteuzi huliona hilo mara moja. Inachotaka kujua ni kama mwombaji ameiona kazi ya daktari ilivyo: jeraha lenye usaha, mteja asiye na pesa, mnyama anayelazimika kuuawa ili asiendelee kuteseka.

Wanafunzi wa sayansi ya farasi wana bahati katika jambo hili wakijua kuitumia. Mashamba ya vyuo hutembelewa na madaktari mara kwa mara, na walimu wao hufahamiana nao. Mwanafunzi anayeomba kuandamana na daktari katika mizunguko yake tangu mwaka wa kwanza hujipatia saa, na pia mtu wa kumwandikia barua ya mapendekezo. Barua ya daktari aliyemwona mwombaji akifanya kazi usiku wa manane ina uzito kuliko ya mwalimu aliyemwona darasani tu.

Lakini farasi peke yake hatoshi. Vyuo vya udaktari wa mifugo vya Marekani hufundisha wanyama wote, kuanzia mbwa na paka hadi ng'ombe, nguruwe na kuku, na leseni haitolewi kwa farasi pekee. Mwombaji ambaye saa zake zote ni za farasi huonekana kuwa na macho ya upande mmoja. Miezi michache katika zahanati ya mbwa na paka, au katika shamba la maziwa, huirekebisha picha hiyo.

Deni na uhaba

Kihistoria, udaktari huu ulizaliwa na farasi. Claude Bourgelat, aliyeanzisha chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo huko Lyon, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1760, alikuwa mkuu wa shule ya upandaji farasi. Wakati huo farasi ndiye aliyevuta mizigo, kulima na kubeba askari vitani, na kifo chake kilikuwa hasara kwa serikali. Gari lilipochukua nafasi yake, madaktari walihamia polepole kwa mbwa na paka, na huko ndiko waliko wengi leo.

Matokeo ni kwamba Marekani sasa ina upungufu wa madaktari wa farasi. AAEP, chama cha madaktari hao kilichoundwa mwaka 1954, kimeeleza kuwa takriban asilimia 1.3 tu ya wahitimu wapya huingia moja kwa moja katika tiba ya farasi, na asilimia 4.5 hivi huenda kwanza katika mafunzo ya mwaka mmoja ya vitendo. Kibaya zaidi, karibu nusu yao huiacha kazi hiyo katika miaka mitano ya mwanzo. Hali hiyo ilikilazimu chama kuunda tume maalumu mwaka 2022 kutafuta jinsi ya kuwabakiza.

Sababu hazijifichi. Mshahara wa kuanzia umekuwa chini ya ule wa zahanati za mbwa na paka. Daktari huendesha gari mwendo mrefu kutoka shamba hadi shamba, huitwa usiku na sikukuu, na hufanya kazi karibu na miguu ya mnyama wa kilo 500 aliyejaa hofu. Wakati huo huo anadaiwa. Kwa mujibu wa takwimu za AVMA, chama cha kitaifa cha madaktari wa mifugo, wastani wa deni la masomo la wahitimu wa miaka ya karibuni umezidi dola 150,000. Kwa asiye mkazi wa jimbo lenye chuo, gharama za miaka minne ya udaktari hupita dola 200,000 kwa urahisi.

Anayetoka ng'ambo hubanwa zaidi. Mikopo ya masomo ya serikali kuu ya Marekani haitolewi kwa wanafunzi wenye viza ya masomo, na vyuo huweza kudai uthibitisho wa benki kabla ya kumpokea mtu. Aidha, vyuo vya umma hutenga nafasi nyingi kwa wakazi wa majimbo yao, na baadhi havipokei wageni kabisa. Kwa familia ya Kenya inayofikiria kuuza shamba ili mtoto akasomee sayansi ya farasi kisha udaktari, hiyo ni miaka minane ya karo, na baada ya ile minne ya kwanza hakuna ahadi ya nafasi.

Ipo njia nyingine ambayo haizungumzwi sana. Aliyehitimu Kabete huweza kufanya mitihani ya ulinganifu inayosimamiwa na AVMA kwa waliosomea nje, mpango ujulikanao kama ECFVG, na hatimaye akatafuta leseni nchini Marekani. Mitihani hiyo ni migumu na ada zake si haba, hasa ule wa vitendo. Hata hivyo, huwa ameshakuwa daktari kabla ya kuianza, na akishindwa bado ana kazi nyumbani.

Wala si kwamba Kenya haina wanyama wa jamii hii. Farasi ni wachache, wengi wakiwa wa mbio katika uwanja wa Ngong, wa polo na wa watalii, lakini punda ni wengi na ndio wanaobeba maji, kuni na mizigo ya sokoni. Lamu kuna zahanati ya punda inayoendeshwa na shirika la Donkey Sanctuary tangu mwaka 1987. Mengi ayajuayo daktari wa farasi humfaa punda, ingawa punda huficha maumivu zaidi, na baadhi ya dawa huisha haraka mwilini mwake.

Kuna hata maradhi ambayo Mmarekani huyasoma vitabuni tu. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi na wenye kuua farasi wengi wanaoambukizwa bila chanjo, uko katika bara hili na haupo Marekani. Punda na punda milia huambukizwa mara nyingi pasipo kuugua sana.

Kuhusu wanaokosa nafasi, nao si wachache, shahada ya sayansi ya farasi haiwaachi mikono mitupu. Wapo wanaoajiriwa katika mashamba ya uzazi, viwanda vya vyakula vya mifugo, maabara za utafiti na mashirika ya bima ya wanyama. Ila soko hilo ni jembamba, na aliyesoma biolojia au sayansi ya mifugo kwa jumla huwa na milango mingi zaidi ya kubisha. Anayechagua farasi inafaa awe anawapenda kiasi cha kuridhika nao hata kama hatakuwa daktari.

Jambo la mwisho ni kalenda. Dirisha la maombi la VMCAS hufungwa katikati ya Septemba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Anayetaka kuingia mara tu amalizapo miaka minne huwasilisha maombi mwanzoni mwa mwaka wa nne. Kufikia hapo kemia zote ziwe zimekwisha au zimo katika ratiba ya muhula uliosalia, na saa za udaktari ziwe zimeshatimia. Kemia ya misombo ya kaboni haifanywi kabla ya ile ya msingi, wala biokemia kabla ya ile ya kaboni. Ngazi hizo tatu huchukua takriban miaka mitatu. Aliyeutumia mwaka wa kwanza kujifunza kupanda farasi, akaiahirisha kemia hadi mwaka wa pili, huwa ameshajiongezea mwaka mmoja wa karo bila kujua.